Shajara ya mradi: joto linavyozikata nguzo za kimiminika zenye upana wa nanomita chache

3 Machi

Uigaji wa kwanza, yaani mwendo wa atomu unaokokotolewa na kompyuta, umeingia kwenye foleni leo, kwa hiyo naanza kuandika. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: nguzo ya kimiminika ikishakonda hadi upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ni nini hasa kinachoikata?

Kwa nguzo za kawaida jibu lipo tangu karne ya 19. Fungua bomba kidogo tu, maji yatashuka yakiwa uzi laini, halafu chini kidogo uzi unaanza kufanya mafundo, na mafundo yanaachana kuwa matone. Félix Savart aliuchunguza mkondo huo na kuandika juu yake mwaka 1833. Joseph Plateau, katika kazi aliyoikusanya kitabuni mwaka 1873, alionyesha kwamba wimbi linaloweza kuikata nguzo ni lile tu lenye urefu unaozidi mzingo wa nguzo yenyewe, yaani 2πR, R ikiwa nusu kipenyo. (Plateau alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo akiwa kipofu, wengine wakimtazamia majaribio. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapolalamikia ubora wa picha zangu.) Kisha Lord Rayleigh akakokotoa ni wimbi lipi linalokua upesi kuliko mengine: kwa kimiminika kisicho na mnato (ukinzani wa kutiririka), ni lile lenye urefu wa takriban mara 9 ya nusu kipenyo cha nguzo.

Katika hesabu zote hizo mkataji ni mmoja, mvutano wa uso. Uso wa kimiminika unataka kupunguza eneo lake, na matone yana eneo dogo kuliko nguzo ndefu yenye ujazo uleule. Joto linaingia kwa mlango wa nyuma tu, kwa kubadili mnato, densiti na huo mvutano. Mtikisiko wa molekuli zenyewe haumo kabisa. Kwa mkondo wa bomba hiyo ni haki. Kwa nguzo yenye upana wa atomu kumi na kitu, sidhani.

6 Machi

Kabla ya kuamini picha yoyote nimekaa na kalamu.

Uso wa kimiminika hautulii. Molekuli zinagongana bila kukoma, na kila mgongano unausukuma uso nje au ndani kidogo. Kiasi cha msukumo huo kinapatikana kwa kuchukua nishati ya joto, kT (T ni halijoto, k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann), kuigawa kwa mvutano wa uso, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa maji kwenye 300 K (kelvini 300, karibu nyuzi 27 za Selsiasi), kT ni takriban 4.1 × 10⁻²¹ J na mvutano wa uso ni takriban 0.072 N/m. Jibu ni nanomita 0.24, pungufu ya upana wa molekuli moja ya maji.

Ukiuweka urefu huo kando ya mkondo wenye nusu kipenyo cha milimita 1, ni sehemu moja katika milioni nne. Hakuna atakayeuona. Uweke kando ya nguzo yenye nusu kipenyo cha nanomita 3, unakuwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili. Huo si mtikisiko wa kupuuzwa. Ndiyo maana naona swali zima linaanzia kwenye uwiano huu mmoja, kati ya urefu wa mtikisiko na nusu kipenyo. Wingi wa makala nilizosoma unauweka mbali sana ndani, baada ya milinganyo, wakati ungestahili kuwa sentensi ya kwanza.

Kuna jambo jingine la nadharia ya Rayleigh ambalo watu hulipita haraka. Nadharia inasema kasoro kwenye uso itakua kwa kasi gani. Haisemi kasoro imetoka wapi wala ilianza na ukubwa gani. Kwenye maabara inatoka popote: mtetemo wa meza, ukwaruzo kwenye mdomo wa bomba, sauti chumbani. Kwenye nguzo ya nanomita chache halijoto yenyewe ndiyo inayoileta, na ukubwa wake unakokotolewa. Kwa maana hiyo nguzo ndogo ni safi kimahesabu kuliko kubwa, kwa kuwa hakuna cha kubahatisha kuhusu mwanzo wake.

11 Machi

Vifaa. Natumia LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa atomu, kuiga atomu za argoni kwa nguvu za Lennard-Jones (fomula rahisi ya jinsi atomu mbili zinavyovutana na kusukumana), kipimo cha atomu nanomita 0.34, halijoto 85 K, juu kidogo tu ya kiwango ambacho argoni huganda. Nimechagua argoni kwa sababu atomu zake hazina mikono wala mikia, na kwa halijoto hiyo mvuke wake ni mwepesi, hivyo nguzo haipotezi atomu nyingi kwa uvukizi.

Nguzo kuu ina nusu kipenyo cha nanomita 3 na urefu wa nanomita 240. Hiyo ni takriban atomu 143,000. Mwisho mmoja wa kisanduku cha uigaji umeunganishwa na mwingine, ili nguzo isiwe na ncha. Kila hatua ya muda ni femtosekunde 10 hivi (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya nanosekunde), kwa hiyo nanosekunde 5 zinahitaji hatua nusu milioni. Kompyuta za leo zinalimudu hilo vizuri, na nashukuru, maana hapa uigaji mmoja hautoshi. Tukio likiendeshwa na bahati nasibu, unalazimika kulirudia mara nyingi kwa mbegu tofauti za namba nasibu, kisha kutazama kundi zima. Picha moja nzuri ya nguzo inayokatika haithibitishi lolote.

Kitu cha kuangaliwa kwa makini ni umbali ambao nguvu kati ya atomu inakatwa ili kuokoa muda wa kompyuta. Ukiikata karibu, kwenye mara 2.5 ya kipimo cha atomu kama ilivyozoeleka, mvutano wa uso unashuka sana, kwa sababu atomu za usoni hupoteza majirani wa mbali ambao ndio wanaozivuta ndani. Kwa kazi ya kimiminika kilichojaa kisanduku hilo halina madhara makubwa. Kwa kazi ya uso ni kubadilisha kimiminika chenyewe. Nimeweka mpaka mbali zaidi ya mara mbili ya huo, na mvutano ninaoupata kwenye tabaka bapa ni takriban 0.015 N/m.

Kwa namba hizo, urefu wa mtikisiko ni nanomita 0.28. Namba ya Ohnesorge, inayopima mnato dhidi ya ukinzani wa mwendo na mvutano wa uso, iko karibu na 1. Mlinganyo wa kawaida, usio na mtikisiko, unatabiri kwamba wimbi litakaloshinda lina urefu wa karibu nanomita 47, refu kuliko zile 27 za Rayleigh kwa sababu mnato unayachelewesha mawimbi mafupi, na kwamba litakuwa likikua mara 2.7 kila nanosekunde 0.44.

19 Machi

Kundi la kwanza limekwisha. Nimeigawa kila nguzo vipande vyembamba, nikapima nusu kipenyo cha kila kipande, kisha nikafanya uchambuzi wa Fourier, unaotenganisha umbo la uso kuwa mawimbi ya urefu mbalimbali, kupata nguvu ya kila wimbi kadiri muda unavyokwenda.

Kwa mujibu wa nadharia ya zamani, grafu ingekuwa na kilima kimoja kinachokua pale pale kilipo. Hakikukaa pale pale. Mwanzoni mawimbi ya kila urefu yanaamka pamoja, hata yale mafupi kuliko mzingo wa nguzo, ambao ni karibu nanomita 19. Kwa Plateau hayo yalipaswa kufa. Hayafi: mvutano wa uso unayabana na joto linayarudishia nguvu, mpaka yanatulia kwenye kimo ambacho pande hizo mbili zinalingana. Wakati huohuo mawimbi marefu yanajivuta taratibu, kwa kuwa yanalazimika kusogeza kimiminika kingi kwa umbali mrefu. Matokeo yake kilima kinaanzia upande wa mawimbi mafupi na kusogea polepole kuelekea yale marefu. Karibu na mwisho kinakaribia pale nadharia ya kawaida inapokitaka.

Kwa hiyo swali la ni wimbi gani linaloikata nguzo halina jibu moja. Inabidi useme pia ni lini unauliza. Na kwa kuwa nguzo hukatika wakati kilima bado kinasafiri, matone yanayotoka hayalingani ukubwa kama yale ya mkondo unaotetemeshwa kwa mpangilio. Anayetaka kutengeneza matone ya ukubwa mmoja kwa mdomo wa nanomita chache ana kazi.

2 Aprili

Shingo. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nitakaa hapa kwa muda.

Nguzo ikishakuwa na mafundo, kati ya fundo na fundo kuna shingo inayozidi kukonda. Jens Eggers alionyesha mwaka 1993 kwamba, bila mtikisiko, shingo ya kimiminika chenye mnato hukonda kwa mwendo usiobadilika: nusu kipenyo chake ni 0.0304 mara mvutano wa uso gawanya kwa mnato, mara muda uliobaki. Kwa argoni yangu hiyo ni nanomita 1.7 au 1.8 kwa nanosekunde. Umbo lake nalo linajulikana: upande mmoja ni tone lenye mteremko mkali, upande mwingine ni uzi mrefu mwembamba. Uzi huo ukikatika ncha zote mbili ndio unaozaa lile tone dogo la ziada linalofuatana na matone makubwa.

Mwaka 2000 Michael Moseler na Uzi Landman waliiga mikondo ya propani yenye kipenyo cha nanomita 6 ikitoka kwenye mdomo wa dhahabu, na wakaona kitu tofauti. Uzi mrefu haukuwepo. Shingo ilikuwa fupi, imekaa sawa pande zote mbili, koni mbili zilizogusana ncha kwa ncha. Wakachukua mlinganyo wa nguzo nyembamba, wakauongezea msukumo nasibu kwa namna ambayo Landau na Lifshitz waliipendekeza kwa vimiminika mwaka 1957, na zile koni mbili zikajitokeza. Miaka miwili baadaye Eggers akatoa sheria ya hali hiyo: nusu kipenyo cha shingo hufuata muda uliobaki uliopandishwa kwa kipeo cha 0.418, si 1.

Tofauti kati ya 0.418 na 1 inaonekana kwa macho. Kwa kipeo cha 1 shingo inakonda kwa mwendo uleule hadi mwisho. Kwa kipeo kilicho chini ya 1 mwendo unaongezeka kadiri mwisho unavyokaribia. Nimetazama shingo moja fremu kwa fremu. Ikiwa na nusu kipenyo cha nanomita 2 inasitasita: inakonda, inanenepa kidogo, inakonda tena. Ikifika kama atomu nane kwa upana, kusitasita kunapungua. Halafu katika pikosekunde chache (pikosekunde ni sehemu moja ya elfu ya nanosekunde) atomu zilizobaki katikati zinagawanyika, hizi kushoto na hizi kulia, na zile ncha mbili zinarudi nyuma na kuviringika. Hakuna uzi uliobaki nyuma, wala tone dogo la ziada.

Swali linalonisumbua zaidi kuliko kipeo chenyewe ni hili: mtikisiko wa joto hauna upande. Wastani wake ni sifuri, unanenepesha sawa na unavyokondesha. Kwa nini basi matokeo yake ni kuharakisha tu?

Jibu ninaloliona kwenye uigaji ni kwamba nguvu ya mtikisiko inategemea unene wa mahali ulipo. Katika kipande kinene cha nguzo, misukumo ya atomu nyingi inafutana. Kipande kikikonda, atomu za kufutana zinakuwa chache na msukumo unaobaki ni mkubwa. Kwa hiyo msukumo ulionenepesha shingo umeihamishia mahali patulivu, na mvutano wa uso utaikondesha tena kama kawaida. Msukumo ulioikondesha umeipeleka mahali ambapo msukumo unaofuata una nguvu zaidi. Mizani haiko sawa ingawa kila msukumo mmoja mmoja uko sawa. Na shingo ikishakatika, mvutano wa uso wenyewe unazitenga ncha, kwa hiyo hakuna kurudi.

Hiyo pia ndiyo sababu ya zile koni mbili. Umbo la kawaida lenye upande mmoja mrefu linatokana na kimiminika kutiririka kwa utaratibu kutoka kwenye uzi kwenda kwenye tone. Mkataji akiwa ni mtikisiko, njia yenye uwezekano mkubwa kuliko zote ni kimiminika kuondoka katikati kwenda pande zote mbili kwa usawa.

4 Aprili

Nyongeza kuhusu kipeo, kwa sababu najua nitaulizwa.

Nimezipanga shingo zote ili wakati wa kukatika uwe sifuri kwa kila moja, ndipo nikachukua wastani. Mteremko kwenye grafu ya logi, ambao ndio kipeo, uko karibu na 0.418 kuliko 1. Sitaandika tarakimu ya tatu baada ya nukta. Nguzo inaanza na nanomita 3, na chini ya nanomita 1 shingo ni atomu chache tu, mahali ambapo maneno mnato na mvutano wa uso yanaanza kupoteza maana. Katika dirisha lililobaki nusu kipenyo hakipungui hata mara tatu, na kwenye dirisha finyu namna hiyo vipeo vingi vinaweza kupita. Ninachokitetea kwa ujasiri ni umbo la shingo, kuongezeka kwa mwendo mwishoni, na kukosekana kwa uzi. Hayo matatu yanajirudia katika kundi zima.

15 Aprili

Sehemu ya pili ya mradi, mlinganyo wenye msukumo nasibu unaotatuliwa kwa gridi (nguzo ikigawanywa vipande vidogo), inakwenda. Faida yake ni kwamba unaweza kuzima joto kwa kuweka T kuwa sifuri kwenye msukumo huo na kuacha kila kitu kingine kama kilivyo, jambo lisilowezekana kwa atomu. Ukizima, uzi mrefu na tone dogo la ziada vinarudi. Ukiwasha, vinapotea. Ushahidi wa wazi kuliko huo sijaupata popote katika kazi hii.

Ugumu wake ni kwamba msukumo nasibu unaongezeka kadiri gridi inavyokuwa laini, kwa kipeuo cha pili cha kinyume cha upana wa kipande. Kwa milinganyo ya kawaida tumezoea kulainisha gridi mpaka jibu litulie. Hapa, ukilainisha chini ya upana wa atomu, unaupa mlinganyo misukumo ambayo kimiminika hakina. Nimeusimamisha upana wa kipande karibu na kipimo cha atomu moja, na nimeufanya msukumo wa vipande jirani uhusiane kidogo.

22 Aprili

Si lazima mtu awe na nanomita ili kuyaona haya. Urefu wa mtikisiko una mvutano wa uso chini ya kipeuo, kwa hiyo ukiushusha mvutano sana, mtikisiko unakuwa mkubwa. Mwaka 2006 Hennequin na wenzake walitumia mchanganyiko wa chembe ndogo na polima unaojitenga kuwa vimiminika viwili, na mpaka kati yake una mvutano mdogo kupita kiasi. Mvutano ukiwa sehemu moja ya milioni ya N/m, urefu wa mtikisiko kwenye joto la chumba ni karibu nanomita 64. Ukiwa sehemu moja ya kumi ya huo, unafika nanomita 200, na darubini ya kawaida inatosha. Waliziona shingo zilizokaa sawa pande zote mbili, bila matone madogo ya ziada. Mwaka 2012 Petit na wenzake waliipima hali hiyohiyo karibu na halijoto ambayo tofauti kati ya vimiminika viwili hupotea, ambako mvutano unaelekea sifuri.

Nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Argoni kwenye 85 K na mchanganyiko wa chembe kwenye joto la chumba havifanani kwa lolote, isipokuwa uwiano wa urefu wa mtikisiko na nusu kipenyo.

5 Mei

Nguzo nene na fupi. Plateau anasema nguzo fupi kuliko mzingo wake haiwezi kukatika, kwa kuwa hakuna wimbi refu vya kutosha linaloenea ndani yake. Mwaka 2019 Zhao, Sprittles na Lockerby walionyesha kwamba kwa kipimo cha nano hata hizo hukatika. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Nimetengeneza nguzo zenye nusu kipenyo cha nanomita 2. Mzingo ni nanomita 12.6. Kundi moja lina urefu wa nanomita 12, chini kidogo tu ya mpaka, zaidi kidogo ya atomu 3,000 kwa kila nguzo. Kundi jingine lina nanomita 9.

Kalamu kwanza. Nishati ya kuibonyeza nguzo kwa wimbi moja inapungua kadiri urefu unavyoukaribia mzingo, na kwenye mzingo wenyewe inakuwa sifuri. Kwa nanomita 12, joto peke yake linatosha kuubonyeza uso kwa takriban nanomita 0.2, sehemu moja ya kumi ya nusu kipenyo. Hicho ni kimo cha kawaida. Mara mojamoja kitazidi sana. Kwa nanomita 9 kimo hicho kinashuka hadi chini ya 0.08.

Zile za nanomita 9 zimesimama zote kwa muda wote niliozipa. Zile za nanomita 12 zinatikisika muda mrefu bila mwelekeo, kisha ghafla moja inapata shingo ya kutosha, inapita kilele cha nishati, na inakatika. Nyingine inaendelea kusimama. Muda wa kusubiri unatofautiana mno kati ya nguzo na nguzo, ingawa zilianza na vipimo vilevile. Kwa hiyo mpaka wa Plateau haujafutwa. Umekuwa kilima cha nishati ambacho joto linaweza kukipanda, kirefu mbali na mpaka na kifupi karibu nao, na kitu cha kupima sasa ni muda wa wastani wa kukipanda.

Foleni inayofuata ni nguzo hizo hizo za nanomita 12 kwenye 90 K na 95 K. Halijoto ikipanda kT inaongezeka na mvutano wa uso unashuka, kwa hiyo urefu wa mtikisiko unaongezeka kwa sababu mbili kwa pamoja na muda wa kusubiri unapaswa kupungua. Uvukizi nao utaongezeka. Kisanduku kitajazwa kwanza mvuke uliolingana na kimiminika, la sivyo nguzo zitakonda kwa kupoteza atomu na sitaweza kutofautisha kilichozikata.